Je, Wajua? Adabu za Mbwa, Kutoka Melbourne Hadi Firq

Juzi alfajiri, jua halijapanda, nilimwona kijana wa jirani akipita kando ya ukuta wa shamba hapa Firq na mbwa wa manyoya ya mawimbi, rangi ya tende mbivu. Walipofika kwenye daraja la falaji, mfereji wa maji ya kijiji, kijana akasema neno moja tu, "Kaa," na mbwa akakaa, macho yakimtazama bwana wake usoni. Nikauliza ni mbwa gani huyu. "Labradoodle, ami." Nilirudi nyumbani nikafungua vitabu, na tangu siku hiyo sijatulia mpaka niwasimulie.

Alizaliwa kwa ajili ya mume wa mtu

Mwanamke mmoja wa Hawaii, asiyeona, alihitaji mbwa wa kumwongoza njiani, lakini mumewe akiguswa na manyoya ya mbwa tu mwili unamchafuka. Barua yake ikafika Melbourne, Australia, kwenye chama kinachofuga mbwa waongozaji, mezani kwa Wally Conron. Yeye alidhani kazi ni ndogo: achukue mbwa wa aina ya Poodle, ambaye manyoya yake hayapukutiki ovyo, amfundishe, basi. Miaka mitatu ikapita, akajaribu Poodle 33, na hakuna hata mmoja aliyefaa kazi.

Mwaka 1989 akaamua kuchanganya Labrador na Poodle. Wakazaliwa watatu. Akapeleka Hawaii vipande vya manyoya na mate ya kila mmoja, na yule mume akaweza kuishi na mmoja tu kati yao. Wawili waliobaki wakakosa wa kuwalea, maana watu walikuwa wanangoja Labrador halisi, mbwa chotara hawamtaki. Conron akatangaza kwamba chama kimepata mbwa wa aina mpya, anaitwa Labradoodle, na simu zikaanza kulia mfululizo. Mbwa ni wale wale, kilichobadilika ni jina. Mwenyewe alisimulia kwamba kati ya Labradoodle 31 aliowazalisha, 29 walifaulu kuwa waongozaji. Uzeeni alijuta sana, kwa sababu wafanyabiashara walikimbilia kuchanganya mbwa bila kupima afya ya wazazi. Kwa hiyo anayenunua mtoto wa mbwa leo aulize kwanza habari za nyonga na macho ya mama na baba, ndipo aulize rangi.

Sifa ya kutoleta mzio haikupita mtihani

Watafiti wa Uholanzi walipima manyoya ya mbwa wa aina mbalimbali, wakatoa matokeo mwaka 2012: hawakupata ushahidi kwamba Labradoodle na wenzake wanaosifiwa hivyo wana kiasi kidogo zaidi cha ile protini inayowapigisha watu chafya. Mwenye kifua chepesi akae na mbwa huyo huyo, chumba kimoja, saa kadhaa, kabla ya kulipa hata riali moja.

Pande zote mbili za ukoo ni waogeleaji

Wazee wa Labrador walikuwa mbwa wa wavuvi kule Newfoundland, Kanada, wakivuta kamba za nyavu kwenye maji yenye barafu. Na jina la Poodle lina asili ya Kijerumani, katika neno la kurusharusha maji. Hata ule unyoaji wao wa madoido, wenye mashungi kifuani na miguuni, ulianza kama mavazi ya kazi: sehemu nyingine hunyolewa mbwa asilemewe majini, viungo na kifua huachwa na joto lake. Basi mchanganye mwana wa mvuvi na mwana wa mwogeleaji, kisha umlete kwenye kijiji kinachopitiwa na falaji!

Hapa ndipo mafunzo yanapokuwa jambo la ujirani. Falaji ina heshima yake na ina mpangilio wake. Maji yanapotoka juu ya ardhi mara ya kwanza ni mahali pa kuchota ya kunywa, kisha ndipo huja sehemu za kuogea, na mwisho mashamba, kila mwenye fungu na zamu yake. Falaji Daris ya Nizwa, jirani zetu hapo, iliingizwa na UNESCO mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na nyingine nne za Omani. Mbwa akirukia maji ya falaji huku juu, amewachafulia walio chini wote.

Yule kijana alinionyesha alivyofanya. Siku za mwanzo alisimama mbali, hatua kama thelathini, maji yanasikika lakini hayaonekani vizuri. Kamba ndefu mkononi, imelegea. Mbwa akigeuza shingo kuelekea maji, kijana hamvuti, anangoja. Mara tu shingo inaporudi kwake, "Vyema!" na kipande cha kuku mkavu, kidogo kama punje ya choroko, kinaingia mdomoni. Akishazoea, hatua ishirini na tano. Ilimchukua wiki nyingi kufika darajani, na akaniambia kwamba siku aliyojaribu kuruka hatua kumi kwa pupa, ilimbidi arudi mwanzo.

Mtihani wa utiifu wenye miaka 1,400

Watu wengi hudhani kumfundisha mbwa ni mambo ya Ulaya. Lakini Suratul Maida, aya ya 4, inawataja wanyama wawindaji waliofundishwa, na kuhalalisha windo wanalomkamatia mtu. Adi bin Hatim, swahaba aliyekuwa akiwinda, alimuuliza Mtume (s.a.w.) masuala hayo kwa urefu, na wanazuoni wakaja kuweka alama za mbwa aliyefundishwa: akitumwa huenda, akizuiwa husimama, na akikamata hali. Akila, amejiwindia mwenyewe.

Tazama lile sharti la tatu. Mnyama mwenye njaa, kinywani ana nyama ya moto, halafu anangoja! Mwalimu yeyote wa mbwa wa leo, awe London au Nairobi, angelihesabu hilo kuwa daraja la juu. Na saluki, yule mbwa mwembamba wa Kiarabu mwenye mbio za upepo, alikuwa akilifanya jangwani karne nyingi kabla Labradoodle hajafikiriwa.

Ukimgombeza anayekurukia, umemlipa

Mbwa anayemrukia mgeni kifuani anatafuta kitu kimoja: kuangaliwa. Kelele ni kuangaliwa. Kumsukuma kwa mikono ni mchezo kabisa. Dawa yake ni kugeuka, umpe mgongo, kimya, na miguu yote minne ikishuka chini ndipo aguswe na asifiwe. Kwetu hili ni zaidi ya usumbufu, maana anayepita mlangoni kwako huenda ametia udhu, amevaa dishdasha nyeupe pe, na anakwenda msikitini. Mate ya mbwa juu ya nguo yake yanamrudisha nyumbani. Mimi ningeanza na somo hili kabla ya mengine yote, hata kabla ya "kaa".

Mwalimu mkuu yuko Morogoro, na anafundisha panya

Shirika la APOPO, lenye makao yake Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Magawa, panya mzaliwa wa Tanzania mwenye uzito wa kilo moja na ushei, alipelekwa Kambodia akafichua zaidi ya mabomu na viripuzi 100. Mwaka 2020 alivishwa nishani ya dhahabu ya ushujaa ya shirika la Uingereza la PDSA, panya wa kwanza kupewa. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi lilimchukua nusu saa, mtu mwenye mtambo wa kutambua chuma huweza kumaliza siku nne.

Siri ni kidude kidogo kinacholia "tik". Kwanza panya hujifunza kwamba "tik" maana yake chakula kinakuja. Baada ya hapo mwalimu hupiga "tik" sekunde ile ile panya anapofanya sawa, na ndizi hufuata. Mbwa wa Firq hufundishwa vivyo hivyo, kwa kidude hicho hicho au kwa kugonga ulimi. Kinachohesabika ni kuwahi. Zawadi ikichelewa, mbwa alikuwa amekaa lakini sasa amesimama anajikuna, basi wewe umemlipa kwa kujikuna.

Anajua kwamba sasa mmebadilisha lugha

Laura Cuaya alihama Mexico kwenda Hungaria pamoja na mbwa wake, Kun-kun, akajiuliza kama naye amesikia kwamba mtaani watu wanasema lugha nyingine. Huko Budapest yeye na wenzake waliwafundisha mbwa 18 kulala kimya ndani ya mashine kubwa ya kupiga picha za ubongo, wakawasomea hadithi kwa Kihispania na kwa Kihungaria. Matokeo yalitoka mwaka 2022: ubongo ulizipokea lugha hizo mbili kwa namna tofauti, na kwa mbwa wenye umri mkubwa tofauti ilikuwa wazi zaidi.

Nilifurahi mno nilipoyasoma haya. Nyumba zetu ngapi bibi anasema Kiswahili cha Unguja alichorudi nacho, na wajukuu wanajibiana kwa Kiarabu? Mbwa anasikia tofauti hiyo, lakini amri ni kitu kingine. Bibi akisema "njoo", baba "taal", na mtoto "hebu sogea huku", mnyama amepewa maneno matatu kwa tendo moja. Familia ikae kikao, ichague neno moja. Mafupi ndiyo mazuri: kaa, njoo, acha, lala.

Dirisha hufungwa mapema

Kati ya wiki ya 3 na kama ya 14 ya maisha yake, kilebu hupokea mambo mageni kwa wepesi ambao hatakuwa nao tena. Atakachokutana nacho kwa amani katika siku hizo atakiona cha kawaida akishakua. Labradoodle wa Firq basi asikie adhana ikitoka kwenye kipaza sauti, aone abaya, fimbo ya mzee, pikapu iliyojaa majani ya ng'ombe, na kwa mbali mbuzi wa mnada wa Ijumaa Nizwa wanavyozungushwa na wenyewe mbele ya wanunuzi. Kama chanjo hazijakamilika, abebwe mikononi.

Kiatu chake ni ngozi

Mbwa hutoa jasho hasa kwenye nyayo, kwingine kote hutegemea kuhema. Na lami ya jua kali huwa ya moto kuliko hewa kwa mbali: hewa ikiwa nyuzi 25 tu, lami inaweza kupita 50. Sasa fikiria Julai yetu, hewa yenyewe inapofika 45. Weka mgongo wa mkono juu ya barabara, hesabu mpaka saba. Ukishindwa, yeye pia hawezi. Somo lifanyike baada ya Alfajiri, dakika kumi zatosha. Mwenye gari ya kupanda milima avuke Birkat al-Mawz apande Jabal Akhdar, uwanda wa Saiq, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ambako mbwa wa manyoya mazito hubadilika akawa mpya.

Zabibu, hapana

Zabibu mbichi na kavu huweza kuharibu figo za mbwa, hata chache. Chokoleti na vitunguu pia ni sumu kwake. Tende ina sukari nyingi, na kokwa yake ikimezwa inaweza kuziba utumbo, kwa hiyo zawadi ya mafunzo isitoke kwenye sinia la kahawa.

Mbwa bora kuliko wote hufundishwa kukataa

Shule ya kwanza kubwa ya mbwa waongozaji ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Hadi leo somo lao la mwisho na gumu ni hili: bwana wake asiyeona akisema "twende" na gari linakuja, mbwa asiende. Asimame palepale, au ajipinde mbele ya miguu yake amzuie. Mnyama aliyefundishwa miezi mingi kutii kila neno, sasa anatakiwa alipime lile neno kwa macho yake mwenyewe.

Nilimsimulia yule kijana habari hiyo jioni, tumekaa ukutani. Hakusema kitu. Aliinuka, akasimama ukingoni mwa barabara ya Nizwa na kamba imelegea mkononi, akangoja aone mbwa wake atafanya nini. Lori la mchanga lilikuwa linakuja taratibu. Mbwa alilitazama lori, akamtazama yeye, akakaa.