Upepo wa Kasigau na Safari ya Diski

Ukitoka Voi kwa barabara ya Mombasa, unakata kulia Maungu na kuingia nyika ya udongo mwekundu, hadi Mlima Kasigau unapokukabili. Kilele chake kina mita 1,641 juu ya usawa wa bahari, karibu kilomita nzima juu ya uwanda unaouzunguka. Wageni huja kuupanda, kutazama ndege au kuparamia kuta zake za mawe. Anayeutazama kwa jicho la gofu ya diski huanza na upepo.

Kwa asiyeujua mchezo huu: badala ya mpira na fimbo unarusha diski ya plastiki, na badala ya shimo kuna kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia, ambayo huipokea diski na kuidondosha ndani. Anayefika kwa mitupo michache ndiye mshindi. Mmarekani Ed Headrick, aliyefanya kazi Wham-O, kampuni iliyouza frizbi, alianzisha uwanja wa kwanza wa kudumu Oak Grove, California, mwaka 1975. Hataza ya kikapu chake cha minyororo ilitolewa 1977. (Alipofariki 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya diski, kama alivyotaka.) Leo dunia ina viwanja zaidi ya 10,000, vingi vikiwa kwenye bustani za umma bila kiingilio. Urahisi huo una sababu: hakuna nyasi za kumwagilia wala kunyoa. Kichaka hubaki kichaka. Kwa nyika ya Taita Taveta, ambako hata vuli huweza kupita bila kushuka, jambo hilo lina uzito.

Sasa turudi kwenye upepo. Diski ni bawa linalozunguka. Mwenye mkono wa kulia akirusha kwa kuufungua mkono kutoka kifuani, diski huzunguka kufuata mishale ya saa. Ikiwa na kasi, nguvu ya hewa inayoiinua hukaa nyuma kidogo ya kitovu chake na kutaka kuiinamisha pua. Lakini kitu kinachozunguka kwa nguvu hakiitiki pale kinaposukumwa. Huitika robo ya mzunguko baadaye. Basi diski hulalia kulia badala ya kuinama. Kasi ikipungua, nguvu ile husogea mbele ya kitovu, na diski hugeuka kulalia kushoto mpaka itue. Kila diski ina kipimo chake cha tabia hizi mbili, na ndiyo maana wachezaji hubeba mfuko mzima.

Upepo wa mbele huongeza mwendo wa hewa juu ya diski, ingawa mkono haukuongeza kitu. Diski iliyozoea kwenda moja kwa moja huanza kukimbilia kulia. Upepo wa nyuma hufanya kinyume: hupunguza hewa inayoibeba, diski ikaanguka mapema na kuvuta kushoto. Wengi hudhani upepo wa nyuma ni zawadi. Kwa mrushaji mwenye mkono dhaifu ni adui.

Kasigau huongeza utata wake. Kusi, inayotawala katikati ya mwaka, huja na unyevu wa Bahari ya Hindi na kugonga mlima. Msitu wa ukungu ulioko kileleni unaishi kwa unyevu huo. Upepo usioweza kupanda huuzunguka mlima na kuongeza kasi pembeni, na upande wa kisogoni hujikunja na kurudi kwa vishindo. Vikapu viwili vilivyo karibu vinaweza basi kudai mitupo tofauti kabisa asubuhi moja. Kaskazi ikiingia mwishoni mwa mwaka, hesabu hugeuka. Ongeza kwamba kwenye mita 600 hivi hewa ni nyepesi kwa asilimia 5 hadi 6 kuliko ya Mombasa, na joto huipunguza zaidi: diski hupata mwinuko mdogo na huvuta kushoto mapema kuliko ilivyozoea pwani.

Ningekuwa nachora uwanja hapa, nisingeweka hata kikapu kimoja msituni. Msitu ule huvipa vijiji vilivyo chini maji, na una ndege wasiopatikana nje ya milima ya Taita na Kasigau. Mlima uwe wa kutazamwa. Mitupo ibaki uwandani, karibu na makazi, kati ya mibuyu na migunga, na mchezo uanze jua likishapanda kidogo: hapa ni njia ya ndovu wanaovuka kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu hangoji zamu yake.

Mgeni achukue diski moja tu ya kulengea, isiyo na makali ya ukingo, na aichague ya buluu au nyeupe. Nyekundu hupotea kwenye udongo huu ukiwa unaikodolea macho. Ikinaswa juu ya kikwata, kanuni inamruhusu kutia alama ardhini, chini kabisa ya pale iliponing'inia, na kuendelea kutoka hapo. Kuitoa miibani bila kuchanika ni kazi nyingine, na kanuni haina la kusema juu yake.