Viazi Lishe Darasani: Somo la Bustani Arua na Koboko

Watoto wengi wa shule za msingi Uganda hukabidhiwa jembe shuleni wakiwa na kosa. Amechelewa, amepiga kelele, akalime. Halafu watu wazima hushangaa mbona vijana wanakimbia shamba.

Edie Mukiibi, mtaalamu wa kilimo ambaye tangu 2022 ni rais wa Slow Food, harakati ya kimataifa ya chakula, alianza kupambana na mazoea hayo zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita katika shule za Mukono. Alitaka mtoto alime mboga za kwao na kuzila, asizijue kama adhabu.

Eneo la West Nile, ziliko Arua na Koboko, lina kikwazo chake zaidi ya hicho. Huko hupata mvua kuanzia Machi au Aprili hadi Novemba, kisha jua hukausha kila kitu. Likizo ndefu ya shule huangukia humo humo, na bustani iliyostawi Oktoba hukutwa Februari haina hata jani.

Hapo ndipo viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vinapofaa kuliko mchicha. Mganda Robert Mwanga, aliyeshiriki Tuzo ya Chakula Duniani ya 2016, alisaidia kuzalisha aina zake kadhaa, zikiwemo Vita na Kabode zilizotolewa Uganda mwaka 2007. Kiazi cha gramu 125 hutosheleza mahitaji ya vitamini A ya mtoto mdogo kwa siku.

Mbegu yake ni marando, nayo hayavumilii kiangazi. Watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi wametatua hilo kwa njia rahisi: viazi vidogo visivyo na kidonda hufukiwa Desemba kwenye beseni la mchanga mkavu, mahali penye ubaridi. Huchipua humo humo. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua hupandwa kitaluni na kumwagiliwa, yaani Februari, watoto wanaporudi shuleni. Kalenda ya shule iliyoua bustani sasa inaitumikia.

Hesabu nazo zimo. Tuta la mita 9, rando moja kila sentimita 30 kutoka mwanzo hadi mwisho: yanahitajika mangapi? Wengi husema 30. Wakipanda, ncha ya tuta hubaki wazi, na mtoto anaona mwenyewe kwamba ni 31. Madarasa ya chini hufundishwa kwa lugha ya nyumbani, Kilugbara Arua na Kikakwa Koboko, kwa hiyo majina ya mimea na wadudu tayari yako mdomoni. Mwalimu hana haja ya kuanza na kamusi.

Tahadhari moja. Sheria ya Elimu ya 2008 imewaachia wazazi jukumu la kumlisha mwanafunzi, na matuta machache nyuma ya darasa hayawezi kulibeba. Mwalimu mkuu asiwaahidi wazazi chakula cha mchana cha shule nzima. Aulize aina zinazofaa katika taasisi ya utafiti ya Abi, Arua, atenge viazi vya mbegu kabla ya kufunga muhula wa tatu, na wanaochelewa awatafutie adhabu nyingine.