Je, Wajua? Kabla Gari la Umeme Halijaingia Getini

Baba ameona Nissan Leaf nyeupe mtandaoni, iko Yokohama, na bei yake imemkosesha usingizi. Mama anauliza umeme ukikatika itakuwaje. Babu anasema haya ni mambo ya vijana. Safu ya leo ni ya nyumba yenye mjadala huo, iwe Tabata, Nyali au Fumba.

Je, wajua kwamba betri ya gari la umeme hupimwa kwa uniti zilezile unazonunua kwenye LUKU? Kilowati-saa moja ndiyo uniti moja. Leaf ya “40” hubeba uniti 40 ikijaa. Kwa bei ya kawaida ya majumbani Tanzania Bara, takriban shilingi 350 kwa uniti ukijumlisha kodi, kuijaza kutoka sifuri ni kama shilingi 14,000. Ongeza kidogo juu yake, maana sehemu ya umeme hupotea kama joto wakati wa kuchaji. Betri ikiwa mpya, uniti hizo zinakwenda kilomita 240 hivi. Gari dogo la petroli litataka lita 15 au zaidi kwa mwendo huo. Zidisha mwenyewe kwa bei ya petroli ya EWURA ya mwezi huu, au ya EPRA kama uko Kenya.

Na je, wajua hesabu hiyo inaweza kuvuruga bili ya nyumba nzima? TANESCO ina daraja la wateja wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Gari linalotembea kilomita 40 kwa siku hula uniti sita au saba, yaani karibu 200 kwa mwezi. Ukilichomeka kwenye mita ya daraja dogo, umelihama daraja, na friji na pasi zitalipiwa bei mpya pamoja na gari. Basi usipige hesabu ya gari kwa bei ya shilingi 100. Bei hiyo haikuwekwa kwa ajili yako.

Kenya wamefanya vingine. Tangu 2023 Kenya Power ina bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti saa zenye matumizi makubwa, na shilingi 8 usiku watu wakishalala, kabla ya kodi na tozo. Sababu iko Olkaria, kule Naivasha, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981. Mvuke haulali. Saa nane za usiku mitambo ingali inaweza kuzalisha, lakini viwanda na majiko yamezimwa. Gari lililochomekwa wakati huo linanunua umeme ambao haukuwa na mteja.

Je, wajua kwamba soketi ya kawaida ya ukutani inatosha? Hutoa kilowati mbili hadi tatu. Chomeka saa mbili usiku, chomoa saa kumi na mbili asubuhi, na umepata uniti 20 au zaidi: kilomita mia na kitu. Kwa mtu wa Tabata kwenda Posta na kurudi, huo ni umeme wa siku kadhaa. Ila saa kumi mfululizo za mzigo mzito si kazi ya waya wa kuungaunga wala ya soketi iliyolegea. Hapo ndipo plagi huyeyuka. Na kuna kisa kinachowashangaza wengi: chaja nyingi hukataa kabisa kufanya kazi zisipoona waya wa ethi ulio hai. Nyumba zetu nyingi zina tundu la tatu kwenye soketi lisilounganishwa na kitu chochote. Fundi umeme aje kwanza, gari lifuate.

Umeme ukikatika? Gari lililochajiwa jana halijui kwamba leo kuna mgao. Tena pampu za kituo cha mafuta nazo huendeshwa kwa umeme, kwa hiyo mwenye petroli naye anategemea jenereta ya mtu. Zaidi ya hapo, Leaf inaweza kuurudisha umeme ndani ya nyumba. Japani, baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, Nissan ilileta kifaa cha kazi hiyo mwaka uliofuata. Kifaa hununuliwa peke yake na si cha bei ya bure, lakini nyumba ya uniti tano kwa siku ingeishi wiki nzima kwa betri moja iliyojaa. Mama ana haki ya kuuliza swali lake. Jibu lake ni zuri kuliko alivyotarajia.

Babu naye asikilize. Mwaka 1899, gari la kwanza kupita kasi ya kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme. Lilikwenda karibu 106, dereva akiwa Mbelgiji Camille Jenatzy, kando ya Paris. Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, alikuwa akiendesha gari la umeme la Detroit Electric wakati mumewe akiijaza dunia magari ya petroli. Kilichoyapa magari ya petroli nguvu mijini kilikuwa, pamoja na mengine, starta ya umeme iliyoanza kwenye Cadillac za mwaka 1912, ikawaondolea watu adha ya kuzungusha hendeli kwa mkono.

Sasa tufike penye fedha, kwenye betri iliyotumika.

Je, wajua kwamba Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazina maji ya kupoza betri? Nissan waliiacha betri ipozwe na hewa tu. Joto ni adui wa betri za lithiamu, na wenye Leaf za kwanza huko Arizona, Marekani, walianza kulalamika mwaka 2012 kwamba umbali wa gari unapungua haraka. Dar es Salaam na Mombasa hazina joto la jangwa, lakini hazina majira ya baridi ya kuipumzisha betri. Dawa nyingine hazigharimu kitu: egesha kivulini, usiliache gari likiwa limejaa asilimia 100 siku nyingi, na usiende kwenye chaja za kasi kila siku kama huna haraka.

Kwenye dashibodi ya Leaf, upande wa kulia, kuna vipau 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri. Wengi huvichanganya na vile vya chaji. Kipau cha kwanza kikitoweka, betri imekwisha kupoteza takriban asilimia 15. Vinavyofuata huondoka kwa asilimia sita hivi kila kimoja. Gari lenye vipau tisa linaweza kung’aa kama jipya na kukuishia nusu ya safari. Muuzaji anayepiga picha viti, rimu na mpaka kishikio cha kikombe, lakini hapigi dashibodi ikiwa imewashwa, ana sababu yake.

Hapa sheria ya Kenya inamsaidia mnunuzi bila kukusudia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Leaf ya kizazi cha pili, yenye betri ya uniti 40, ilianza kuuzwa Japani Oktoba 2017, na ya 62 ikafuata 2019. Kwa hiyo zinazoingia Mombasa sasa ni za betri kubwa. Tanzania huyapokea magari makuukuu kwa kuyatoza ushuru wa uchakavu, na hivyo mlango uko wazi kwa Leaf za miaka ya mwanzo, zenye betri ya uniti 24 ambazo hata zikiwa mpya zilikwenda kilomita 120 hivi. Bei yake huvutia. Ukitoa uzee wa betri, umebaki na gari la sokoni na kurudi.

Je, wajua kwamba tundu la kuchajia lina ukabila wake? Magari ya Japani huja na CHAdeMO kwa chaja za kasi, ya China na GB/T, ya Ulaya na CCS2, na hayaingiliani bila adapta. Kabla ya kununua, zungukia chaja za mji wako uone zina mdomo gani. Na skrini ya gari la soko la Japani huzungumza Kijapani tu. Watoto watalipenda hilo. Wewe utajifunza kutambua alama ya kiyoyozi kwa kubahatisha.

Na safari ndefu je? Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Mombasa iko ufukweni. Leaf yenye familia na mizigo ina uzito wa karibu tani mbili, na kuipandisha kimo hicho kunakula uniti nane hadi tisa mbali na zile za mwendo wenyewe. Ni sawa na kilomita 50 za barabara tambarare. Wakati wa kushuka, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya uniti hizo kwenye betri. Kwa hiyo kwenda pwani ni rahisi kuliko kurudi, na mpango wa chaji wa Desemba si ule ule wa Januari. Hata hivyo Leaf ya 40 itahitaji kusimama zaidi ya mara moja katika kilomita 480 hizo, na betri isiyopozwa kwa maji ikishapata moto, chaji ya pili ya kasi siku hiyohiyo huenda polepole kuliko ya kwanza. Wenye haraka wapande treni. (Treni hiyo ni ya dizeli; ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza 2024, ndiyo ya umeme.)

Unguja, kinyume chake, ina urefu wa kilomita 85 tu kutoka Nungwi hadi Makunduchi. Ni vigumu kuishiwa chaji kisiwani hata ukijaribu. Tatizo la Unguja limekuwa upande mwingine: umeme wake huja kwa nyaya zilizozama baharini kutoka Bara, na waya ulipoharibika Desemba 2009 kisiwa kilikaa gizani miezi mitatu. Waya wa pili, mkubwa zaidi, ulizinduliwa 2013.

Haraka haraka sasa. Ethiopia ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli mwaka 2024, ya kwanza duniani kufanya hivyo. Wanafunzi na walimu wa Makerere waliendesha gari lao la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Rwanda huendesha upande wa kulia, kwa hiyo magari ya China yenye usukani wa kushoto huingia Kigali bila shida, lakini Kenya hayasajiliwi. Kenya hiyohiyo magari ya umeme hupewa namba za kijani.

Je, wajua kwamba ndani ya betri kuna majirani zetu? Takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, sehemu kubwa Lualaba, kuzunguka Kolwezi, ambako wachimbaji wadogo hushuka mashimoni huku wakiitana kwa Kiswahili. Leaf ina kobalti hiyo. Betri za LFP, ambazo China huzitumia kwa wingi, hazina kobalti wala nikeli. Hutumia chuma na fosfeti, hudumu zaidi na hazishiki moto kirahisi, ila ni nzito. Zote zinahitaji grafiti, tena nyingi kuliko lithiamu, na grafiti iko Mahenge na Ruangwa, Tanzania. Anayeuliza kama gari lake halina dhuluma ndani asiishie kwenye moshi wa ekzosi.

Matengenezo? Hakuna oili ya injini, plagi wala mkanda wa taimingi. Breki hudumu kwa sababu mota hupunguza mwendo yenyewe. Lakini betri ndogo ya volti 12 bado ipo, na ikifa gari haliwaki hata kama ile kubwa imejaa. Matairi huisha haraka kwa uzito. Magari mengi ya umeme huja na chupa ya gundi badala ya tairi la akiba, jambo la kulifikiria kabla ya kwenda kijijini. Betri imelala chini ya sakafu, kwa hiyo tuta lisilopakwa rangi ni hatari mpya. Na nyaya za rangi ya chungwa hubeba volti 350 au zaidi: fundi wa chini ya mwembe, hata awe hodari namna gani kwa Probox, asiziguse kama hakusomea.

Mwisho ni watoto. Gari la umeme likitoka getini polepole karibu halisikiki. Ulaya ililazimisha kuanzia 2019 kwamba aina mpya za magari hayo zitoe mlio zikiwa chini ya kilomita 20 kwa saa. Leaf inao mlio huo. La kwako likiwa halina, piga honi kabla ya kurudi nyuma.

Hukumu ya safu hii: mwenye geti lake, mita ya jina lake, ethi iliyopimwa na safari zisizozidi kilomita 80 kwa siku, anunue, na achague betri ya 40 kwenda juu yenye vipau visivyopungua 11. Mpangaji anayechangia LUKU na wenzake watatu asubiri. Na familia yenye gari moja tu, inayokwenda Moshi au Kisii kila Krismasi, ibaki na petroli yake kwa sasa, mpaka chaja za barabarani ziongezeke.