Una ndai kali? Ipeleke uwanjani, si barabara ya Archers

Wewe msee wa Subaru, naongea na wewe. Ndiyo, wewe ambaye ukitoka Isiolo mjini jioni, ukaona lami ya kwenda Archers Post imenyooka mbele yako kama rula, mguu wa kulia unaanza kuwasha. Najua unavyohisi. Mwaka mmoja uliopita nilikuwa wewe.

Kwetu ni Kipsing, wadi ya Oldonyiro. Ukielekea huko unaiaga lami mapema, halafu ni changarawe, vumbi na laga za mchanga. Ndiko nilikojifunzia kuendesha, kwenye Land Cruiser kuukuu ya mjomba iliyojaa mbuzi na magunia ya unga. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, nikahangaika na kazi za mtandaoni hadi nikanunua Impreza ya mkono wa pili. Basi nikajiona dereva aliyekamilika. Kichekesho ni kwamba gari lenyewe halingeweza kunifikisha kwa mama. Liko chini mno, laga ya kwanza tu lingelala na tumbo. Nikawa naliacha Isiolo, napanda bodaboda kwenda nyumbani, na nikirudi mimi na mbogi yangu tunaenda kuliamsha pale kwenye lami.

Siku moja saa mbili usiku, tukiwa kwa 140 hivi, niliona miguu. Miguu mitupu, mirefu, katikati ya barabara. Kama umewahi kukutana na ngamia usiku unajua: taa zinamulika miguu yake myembamba, mwili wenyewe uko juu ya mwanga. Ukimgonga, miguu inakatika na mwili unaingia kupitia kioo hadi kwako. Nilikanyaga breki, gari likayumba, tukampita kwa upana wa kiganja. Nyuma yake alisimama mtoto wa miaka kumi hivi, na fimbo yake, pengine alikuwa akimrudisha ngamia aliyepotea. Hakukimbia. Alituangalia tu. Alivaa ndala za tairi kama nilizovaa mimi nikichunga mbuzi wa babu.

Hakuna aliyeongea ndani ya gari hadi tukarudi mjini.

Usiku ule sikulala, nikapiga hesabu. Kwa 140 unakula karibu mita 39 kila sekunde. Sekunde ya kwanza inaisha kabla mguu haujafika kwenye breki. Baada ya hapo, hata kwa tairi nzuri na lami kavu, unahitaji karibu mita 100 zaidi ili kusimama. Taa za chini hazimuliki nusu ya umbali huo. Na kumbuka hili: ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kufunga breki unaongezeka mara nne. Yaani pale hakuna ujanja wa dereva. Ni bahati tu.

Lakini hamu ya mwendo haikuisha, sitakudanganya. Ndipo rafiki mmoja wa Nairobi akaniambia kuhusu siku za klabu: mnaingia uwanja uliofungwa, upande wa Athi River, kila mtu na gari lake mwenyewe, hakuna matatu, hakuna mtoto, hakuna ngamia. Niliweka akiba miezi minne, ada, mafuta na tairi, kisha nikateremka hadi huko.

Sasa sikiza, kwa sababu ndiyo sehemu niliyotamani mtu aniambie mapema.

Wiki moja kabla, mwone fundi. Mwambie abadilishe mafuta ya breki. Mafuta hayo hufyonza unyevu yakikaa, na ukifunga breki kali mara nyingi yanachemka. Hapo pedali inazama hadi chini na hakuna kinachotokea. Akague pedi, oili, tairi, nati za magurudumu, na betri kama imefungwa imara. Toa kila kitu kilicholegea: jeki, chupa za maji, viatu chini ya kiti. Chupa ikiteleza chini ya pedali ya breki, umekwisha. Beba helmeti na vaa shati la mikono mirefu. Soma pia karatasi za bima yako, maana nyingi hazilipi ukiharibu gari uwanjani.

Ukifika, gari linakaguliwa, halafu mnaelezwa bendera. Njano ni hatari mbele, punguza na usimpite mtu. Nyekundu, shughuli imesimama. Buluu, kuna aliye na kasi nyuma yako, mpishe. Nyeusi ukionyeshwa wewe, toka nje ukaongee na wakubwa. Usijifanye hukuiona.

Nilitoka na kiburi cha Impreza, na mzunguko wa tatu nikapitwa na mama mmoja wa makamo ndani ya Starlet ya zamani. Alinipita kwenye kona, si kwenye mnyoosho! Mwalimu niliyepewa, mzee mpole, alicheka akasema, “Kijana, unafunga breki ukiwa tayari ndani ya kona. Maliza kazi ya breki gari likiwa limenyooka, angalia unakotaka kwenda, ndipo uguse mafuta.” Kumbe miaka yote nilijua kukanyaga tu, kuendesha sikujua.

Ukidhani ni maneno ya wazee, kumbuka Safari Rally ya 1993. Subaru walileta Vivio, kigari cha injini ya cc 660. Colin McRae, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia, lake lilivunjika njiani. Patrick Njiru wetu alilifikisha lake mwisho. Gari lilikuwa lile lile.

Ukimaliza zamu yako, zunguka mara moja polepole breki zipoe, na ukiegesha usivute breki ya mkono. Weka gia, weka jiwe. Niliona mtu amesahau, pedi zikagandamana na diski.

Nilirudi Isiolo jioni ya kesho yake. Kabla ya Archers kuna pale mahali. Nilikuwa kwa 60, dirisha wazi, wasee wawili wakanipita wakipiga honi na kunicheka. Niliwajua. Nimewatumia ujumbe kwamba siku ya klabu ijayo nina nafasi mbili, na mafuta tutachanga. Mmoja amejibu. Mwingine bado, na kila nikisikia injini usiku natega sikio.