Nani alisema ngoma ya kitoto haikeshi?

Ziko njia nyingi za mtu kuarifiwa kwamba amezeeka. Wako wanaoarifiwa na kioo, wako wanaoarifiwa na magoti wapandapo ngazi, na wako wanaoarifiwa na utingo wa matatu anapowaita "mzee" huku akiwashika mkono wasije wakaanguka. Mimi niliarifiwa na kicheko. Au, nikitaka kusema kwa usahihi zaidi, niliarifiwa na kicheko kilichokataa kuja.

Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu na nilikuwa nikifundisha. Mwanafunzi mmoja akaingia akiwa amechelewa nusu saa, vipokea sauti masikioni, akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni nguzo ya umeme. Nikasita, nikaiga sauti ya mtangazaji mmoja mashuhuri, nikauliza: "Je, huu ni ungwana?" Msomaji wa rika langu ameshatabasamu. Kipindi hicho cha marehemu Leonard Mambo Mbotela kilianza mwaka wa 1966 na kikasikika kwa miongo kadhaa. Kuanzia tukiwa wadogo, mtu hakuweza kutema mate njiani ama kusukumana katika foleni pasi na mwenzake kumwuliza swali hilo, na wote waliokuwepo wakacheka.

Darasa langu halikucheka. Vijana walinitazama kama mtu aliyeuliza swali la dhati. Yule mchelewaji alivua vipokea sauti, akainamisha kichwa na kujibu kwa adabu: "Samahani, Daktari. Si ungwana." Heri angenitusi! Adabu ile ilinikata maini kuliko tusi lolote.

Bahati mbaya, mada ya wiki hiyo ilikuwa Sheng, ambayo nimeifundisha kwa miaka mingi na ambayo nilijiona mjuzi wake. Nikaandika ubaoni mifano yangu ya siku zote: "mbuyu" kwa maana ya baba, "buu" kwa maana ya basi, "kudishi" kwa maana ya kula. Nikaeleza jinsi mofolojia ya Kiswahili inavyovipokea vitenzi vigeni na kuvivisha viambishi vyake. Vijana wakanakili kwa bidii, kimya, kama wanaonakili ubeti wa utenzi wa kale. Kisha binti mmoja wa safu ya nyuma akainua mkono. "Samahani, Daktari," akasema. "Maneno hayo ni ya Kingozi?"

Hapo kicheko kilikuja. Kwa faida ya wasio wanafunzi wa lugha, Kingozi ni Kiswahili kikongwe cha tungo za zamani ambacho hakuna anayekizungumza leo. Nami nilicheka pamoja nao, lakini nilipokuwa nikirudi ofisini nilijiuliza ni lini hasa lugha ya ujana wangu ilipovuka kutoka mtaani na kuingia katika makumbusho.

Mwaka wa 1997 nilikuwa kidato cha tatu. Huo ndio mwaka ambapo Kalamashaka, vijana wa Dandora, walitoka na wimbo wao "Tafsiri Hii", na sisi tuliousikia tulihisi kama kwamba mtu ametutaja majina. Tulikuwa na kanda moja, nakala ya nakala, na tuliirudisha nyuma kwa kuizungusha kwa kalamu ya bairo ili tusimalize betri za redio. Baba alipousikia alisema neno moja tu: "Makelele." Baba huyo huyo, katika ujana wake, alikuwa amepasua suruali akicheza twisti ya Daudi Kabaka, yule ambaye wimbo wake "Helule Helule" uliimbwa na bendi ya Uingereza, The Tremeloes, mwaka wa 1968. Naye babu, kama nilivyosimuliwa, alikuwa amemwona mwanawe akinyonga kiuno vile akashauri kwamba atafutiwe dawa ya minyoo.

Kama mambo yangekoma hapo ningeishia kucheka, kwani ni desturi ya dunia: kila kizazi hukiona kinachokifuata kuwa kimepotoka, na ujana ni moshi, ukienda haurudi. Lakini baba na babu yangu hawakuwa na kalamu nyekundu. Mwalimu anayo. Mzazi asiyeuelewa wimbo wa mwanawe atafunga mlango wa chumba au atapunguza sauti ya redio. Mwalimu asiyeuelewa anaweza kufunga njia ya mtu.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, mnamo 2003, nilimpelekea mhadhiri wangu pendekezo la kuitafiti Sheng katika nyimbo za kufoka. Alikuwa mwanachuoni wa kuheshimika na hakunikaripia. Aliyasoma makaratasi yangu hadi mwisho, akayakunja, akanirudishia akisema, "Mwanangu, ngoma ya kitoto haikeshi. Tafuta kitu kitakachodumu." Nikatii. Nikaandika kuhusu ngeli za nomino, na ngeli hizo zimenilisha na kunisomesha hadi uzamifu, kwa hiyo sizitukani. Lakini huo wimbo aliosema hautakesha ungali ukichezwa zaidi ya robo karne tangu utoke.

Mtu angetarajia kwamba aliyeumwa na nyoka angeogopa ung'ongo. Wapi! Mwaka wa 2019 kijana mmoja alinijia ofisini na daftari la kurasa mia mbili. Mwaka mmoja kabla yake kundi la Ethic lilikuwa limevuma kwa "Lamba Lolo", na mtindo wa Gengetone ulikuwa umeenea mitaani. Kijana alikuwa ameyakusanya maneno ya mtindo huo kwa mkono wake. Kando ya kila neno aliandika alilisikia wapi, katika matatu ya njia gani, msemaji alikuwa na umri gani na ilikuwa tarehe ngapi. Sikulifungua daftari lile zaidi ya kurasa tatu. Niliona matusi mawili, nikalifunga, na kinywa changu kikatamka, kwa sauti isiyokuwa yangu, "Ngoma ya kitoto haikeshi."

Naye alitii, kama nilivyotii mimi. Aliandika kuhusu nyimbo za harusi, kazi kavu isiyo na chumvi, nikampa alama za wastani, akaenda zake. Mwaka jana tulikutana kwenye foleni ya benki, nikamwuliza habari za daftari lile. Akacheka. "Lilikwisha zamani, Mwalimu. Tuliliwashia jiko."

Wasomaji ambao ni walimu wa lugha wataelewa kwa nini sikulala usiku huo. Msamiati wa Sheng hauna maisha marefu. Yapo maneno yanayodumu, kama "mbao" kwa shilingi ishirini na "soo" kwa shilingi mia, ambayo baba na mwana wanaweza kuelewana kwayo dukani. Lakini mengi huzaliwa Januari yakazikwa Disemba, na mwanaisimu asiyeyanasa siku hiyo hana pa kuyatafuta tena. Kilichoteketea katika jiko lile ni ushahidi wa jinsi vijana wa Nairobi walivyosema katika mwaka mmoja wa maisha yao, na aliyeupeleka jikoni ni mimi, daktari wa isimu.

Turudi kwa yule binti wa Kingozi. Siku chache baada ya kunichekesha alibisha mlangoni mwangu na pendekezo lake la utafiti. Mada: lugha ya Arbantone. Nakiri kwamba neno hilo sikuwa nimelisikia, na kwa muda nilidhani ni jina la dawa. Methali ilikuwa imeshafika ncha ya ulimi. Kisha nikalikumbuka jiko. Nikavuta kiti, nikamwambia, "Nisikilizishe."

Akaiweka simu juu ya meza. Sauti zilizokuwa juu sikuzielewa hata moja, lakini mdundo uliokuwa chini yake ulinifanya nisimame. Niliujua! Ulikuwa mdundo wa siku zangu za chuo, tuliouchezea katika kumbi za mabweni. Binti alinieleza kwa upole kwamba ndivyo mtindo huo, uliovuma zaidi tangu mwaka wa 2023, ulivyojengwa: vijana huchukua midundo ya zamani, ya Genge na ya Jamaika, wakaipa maneno mapya. Alizijua nyimbo za ujana wangu moja baada ya nyingine, pamoja na waliozitayarisha. Nilikuwa nimejiona mgeni katika nyumba yao, kumbe wao walikuwa wamehamia katika nyumba yangu wakapaka rangi kuta.

Katika maelezo yake alitaja neno "risto". Nikamwuliza maana. "Ni stori, Daktari. Tunaligeuza." Hapo ikawa zamu yangu. Nikateremsha kutoka rafuni kitabu cha Edward Steere cha kufundisha Kiswahili cha Unguja, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka wa 1870, nikamwonyesha maelezo ya mchezo wa lugha uitwao kinyume. Kanuni yake ni kuichukua silabi ya mwisho ya neno na kuitanguliza mbele, ili wasiohusika wasielewe; "nyumba" ikawa "mbanyu". Basi litazame tena neno "stori" na lile "risto". Ni kanuni ile ile. Macho ya binti yalipanuka, akaomba kukipiga picha kitabu. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo nilikuwa na kitu ambacho kijana alikitaka. Tulikaa saa mbili, na sijui ni yupi kati yetu aliyekuwa mwanafunzi.

Nisieleweke kwamba nasifu kila kitu. Baadhi ya nyimbo hizo zinamdhalilisha mwanamke, na mwaka huo huo wa 2019 kundi moja lililazimika kuomba radhi kwa wimbo uliolaumiwa kwa kuhimiza dhuluma dhidi ya wanawake. Lawama hiyo ilistahili. Hata hivyo, anayetaka kulaumu sharti awe amesikiliza. Vijana hutambua haraka kati ya mkosoaji aliyeusikia wimbo na yule aliyechukizwa na kelele tu, na wa pili hawampi sikio.

Aidha, gharama ya kutosikiliza haiishii katika alama za tasnifu. Kabla ya Juni 2024 nilikuwa miongoni mwa watu wazima waliosema kwamba kizazi hiki kinajua kucheza mbele ya simu tu. Mwezi huo simu zizo hizo zilijaa maelezo ya Mswada wa Fedha wa 2024, yaliyotolewa na vijana kwa Sheng na kwa lugha za mama, hata muuza mboga akafahamu kinachopendekezwa kutozwa kodi. Tarehe 25 waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na maisha ya vijana yakapotea. Tarehe 26 Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Siku zote zilizotangulia nilikuwa nimepita katika veranda za chuo nikiwasikia wanafunzi wangu wakipanga na kubishana, na sikushika hata nusu ya waliyosema. Wiki iliyofuata niliita majina darasani, nikajikuta nasubiri kila jibu huku moyo ukinidunda. Wote waliitika, namshukuru Mungu. Lakini wapo walimu ambao kwao jina moja halikuitikiwa.

Walimu wenzangu, sisemi tuanze kucheza. Hakuna kinachowachekesha vijana kama mzee aliyevaa viatu vya mjukuu wake. Wala sisemi Sheng iruhusiwe katika insha rasmi; kumfundisha mtoto kila sajili na mahali pake ndiyo kazi yetu. Nasema tuulize kabla ya kupiga mstari mwekundu. Sehemu ya Isimujamii hutahiniwa kila mwaka katika mtihani wa kidato cha nne, ilhali mifano ya Sheng tunayoitumia darasani mara nyingi ina umri mkubwa kuliko watahiniwa. Tuwatume wanafunzi wakusanye mifano yao wenyewe, waandike wameisikia wapi na kwa nani, kisha tuichambue pamoja. Mwanafunzi atakuwa amejifunza utafiti, na mwalimu atakuwa amejua watoto wake wanasema nini.

Nanyi wanafunzi, msituzike mapema. Jungu kuu halikosi ukoko. Tuulizeni mdundo ule ulitoka wapi, neno lile lilianzaje, nani alilisema kabla yenu. Tena msijivune sana, kwa maana mtoto aliye gredi ya nne leo ameshaanza kutunga maneno ambayo nyinyi hamtayaelewa, na siku si nyingi atawauliza, kwa adabu kubwa, kama maneno yenu ni ya Kingozi.

Pendekezo la binti yule nimelitia sahihi. Kazi ameshaianza, na juzi aliniletea daftari lake la kwanza, limejaa pomoni. Sikuelewa hata robo yake. Nimemwomba anitolee nakala, nami nimeifungia katika kabati la ofisi yangu, mbali na jiko.