Ukungu Ndani ya Lenzi: Usiitupe, Wala Usiifungue kwa Pupa

Anunuaye ng'ombe mnadani hutazama kwanza meno, kwato na macho, ndipo aulize bei. Anunuaye lenzi iliyotumika yampasa kufanya vivyo hivyo. Maneno haya ni yako wewe uliye na kamera kubwa ya miguu mitatu, ile itumiayo filamu ya kipande kimoja kimoja, inchi 4 kwa 5 au zaidi. Na ni yako pia wewe unayefikiri kuinunua. Kamera hizi bado zapendwa, kwa maana picha yake hata ikikuzwa sana huonyesha uzi wa kanzu. Lakini lenzi zake nyingi ni za zamani. Kampuni ya Nikon, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2006 kwamba inaacha kuzitengeneza. Basi wengi wetu hununua zilizokwisha kupita katika mikono ya wengine, na moja ya magonjwa yao makubwa ni ukungu wa ndani.

Ukungu huo ni utando mwembamba juu ya kioo. Mchana, ukiitazama lenzi kwa haraka, waweza kusema ni safi. Lakini mwanga upitapo, utando huutawanya. Weusi hugeuka kuwa kijivu, na dirisha lililo nyuma ya mtu humwaga weupe wake juu ya uso wake. Fikiri sasa: babu wa miaka 90 amevaa vizuri, ameketi katikati ya wajukuu waliotoka mbali, nawe una vipande viwili tu vya filamu. Je, utamwambia arudi mwaka ujao? Ndiyo sababu jambo hili si la mchezo.

Kwanza, tambua ugonjwa. Ingia chumba chenye giza. Fungua tundu la mwanga mpaka mwisho, na kile kifaa cha katikati kinachofungua na kufunga, ambacho wapigapicha hukiita shata, kiache wazi. Mulika kwa kurunzi ndogo kutoka upande wa nyuma, kwa mshazari, nawe utazame kwa mbele. Usielekeze kurunzi machoni pako.

Ukiona utando ulioenea sawasawa, kama pumzi juu ya kioo cha dirisha, mara nyingi ni mvuke wa mafuta ya shata uliotua pale kidogo kidogo kwa miaka mingi. Huo hutoka. Ukiona nyuzinyuzi zilizotambaa kama mizizi, hiyo ni kuvu. Kuvu hupenda unyevu na giza, na asidi yake hula kioo. Waweza kuisafisha, lakini huenda alama ikabaki. Ukiona mabaka yenye rangi za upinde wa mvua, hasa ukingoni, gundi iunganishayo vioo imeanza kuachia. Na ukiona chembe chache za vumbi tu, ziache. Hazidhuru picha.

Pili, jua lenzi yako ilivyojengwa. Lenzi hizi zina sehemu mbili za vioo, ya mbele na ya nyuma, na shata katikati. Kila sehemu imekazwa kwa hesi, na kwa kawaida hufunguka kwa mkono. Usiogope, hata kuifunga lenzi kwenye ubao wake, mtu hana budi kuitoa kwanza sehemu ya nyuma. Izungushe polepole kinyume cha saa, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa. Angalia sana kama kuna pete nyembamba ya chuma kati ya sehemu ya vioo na shata. Ikiwapo, irudishe pale pale ilipokuwa, maana ndiyo ipimayo nafasi ya vioo, na ikipotea, ukali wa picha waweza kupungua.

Sasa utaona nyuso mbili za kioo zilizokuwa zikitazama shata. Huko ndiko mafuta hutua zaidi, na mara nyingi ugonjwa wote huishia hapo.

Tatu, safisha kwa utaratibu. Pulizia vumbi kwa kipira cha hewa, kisha pitisha brashi laini. Tia tone moja la maji ya kusafishia lenzi, au alkoholi safi ya isopropili, juu ya karatasi laini ya lenzi. Usilitie juu ya kioo, kwa maana litapenya ukingoni. Futa bila kukandamiza, kutoka katikati kwenda nje kwa mzunguko, na kila mara utwae karatasi mpya. Usitumie upindo wa shati, wala petroli, wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo huyeyusha rangi nyeusi ya ukingoni. Tena, lenzi nyingi za miaka ya 1940 zilipakwa rangi nyembamba ya kuzuia mng'ao iliyo laini sana. Ukiifuta kwa nguvu, utaondoa ukungu pamoja na rangi yenyewe.

Je, kama ukungu ungalipo? Hapo ndipo elimu inapookoa fedha. Lenzi ya Dagor, iliyobuniwa mwaka 1892 na kutengenezwa na Goerz wa Berlin, ina vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja kila upande. Hakuna hewa kati yake. Ukikwisha kusafisha nje na ndani, kinachobaki kimo katika gundi. Tessar ya Zeiss, ya mwaka 1902, ina vioo viwili vya mbele vyenye nafasi ya hewa kati yake, na viwili vya nyuma vilivyogandishwa. Lenzi kama Symmar za Schneider zina nafasi hiyo ya hewa mbele na nyuma pia.

Nafasi ya hewa hufikiwa kwa kufungua pete yenye vitundu viwili, kwa ufunguo wake maalumu wenye ncha mbili. Kama huna ufunguo huo, usijaribu kwa mkasi wala msumari. Ncha ikiteleza mara moja, umechora kioo kwa maisha. Mpelekee fundi. Na kama unao, andika kila kioo kilielekea wapi kabla hujakitoa, kwa maana kioo kimoja kikigeuzwa huharibu lenzi nzima. Vioo vilivyogandishwa, usivichemshe wala usivitenganishe. Hiyo ni kazi ya mwenye vyombo na ujuzi.

Ukiisha kusafisha, tazama visu vya shata. Vikiwa na mafuta, fundi avisafishe, la sivyo ukungu utarudi. Lenzi usiifungie katika mfuko wa ngozi mwezi hata mwezi, hasa ukikaa pwani, kwa maana ngozi hushika unyevu. Iweke mahali pakavu, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu, ukaitoe mara kwa mara ipate hewa. Na kabla ya siku ya kazi, piga picha moja ya kitu cheusi mbele ya dirisha. Weusi ukitoka mweusi, lenzi imepona.

Neno la mwisho ni kwako wewe uuzaye. Unaujua ukungu uliomo, mnunuzi haujui. Mwambie, ukamwonyeshe kwa kurunzi. Huenda bei ikashuka kidogo. Lakini asiyeambiwa atakuja kuugundua siku ile mzee ameketi mbele yake, na hasara hiyo hakuna bei iwezayo kuirudisha.