Kilio Hualika

Pwani mtu akifiwa hatumi kadi. Sauti ya kwanza ikipanda alfajiri, jirani anajifunga leso na kutoka. Habari ya nani amefariki ataipata njiani. Ndiyo maana neno kilio limebeba mengi. Ni machozi, ni msiba wenyewe, ni watu waliokusanyika msibani, na pia ni dai. Msomaji wa gazeti akikuta habari za kilio cha maskwota wa Kikambala haulizi nani amekufa. Anaelewa kwamba kuna watu wanaolima ardhi wasiyo na hati yake, na wanataka wengine waje wasikie.

Maneno ya kulalama tumezoea kuyapanga kwa ukubwa wa sauti: mguno chini, mayowe juu. Mimi naona mpango huo unaficha jambo kubwa zaidi, nalo ni nani anayeitwa. Anayenung'unika hamwiti mtu. Maneno yake yanaishia kifuani, au kwa mwenziwe wa karibu. Anayelalamika ana mtu au ofisi anayoielekea, iwe chifu, mwajiri au korti, na huko kortini jina lake ni mlalamishi. Anayepiga kamsa anamwita kila mwenye masikio.

Kamsa inafaa kutazamwa kwa karibu. Chukua kijiji kimoja cha Kikambala, ndani kidogo ya barabara ya Mombasa na Malindi, saa nane za usiku. Mbuzi wanahangaika zizini, kamba inakatwa, na mama mwenye boma anapiga unyende, ile sauti nyembamba inayopenya minazi. Tochi zinawaka nyumba hadi nyumba. "Kuna nini huko?" "Mbuzi! Wamekwenda upande wa barabarani!" Anayetoka na rungu hatangulii kuuliza mbuzi ni wa nani. Lakini asiyetoka kabisa, kesho ataulizwa, na hapo kusema alilala fofofo hakumsaidii sana. Kamsa hufunga kwa wajibu wale walioisikia.

Tazama pia kitenzi chake. Kamsa hupigwa, kama zinavyopigwa yowe, ukemi na mbiu. Manung'uniko hayapigwi. Sauti inayopigwa inakusudiwa ifike mbali na ilete watu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, wala hakuna anayeipiga kwa kujifurahisha.

Wengine walipita njia hii hii. Neno la Kiingereza la kulalamika lilitoka Kilatini, katika kitenzi plangere, yaani kupiga, na hasa kujipiga kifua kwa maombolezo. Uingereza ya mwaka 1285, kwa sheria ya Winchester, wanakijiji walitakiwa kuitikia yowe na kumfuata mhalifu. Katika visiwa vya Jersey na Guernsey mpaka leo mwenye kuvamiwa ardhi yake anaweza kupiga magoti mbele ya mashahidi, akapaza kilio maalumu cha kuomba msaada, na kazi inayolalamikiwa husimama mpaka mahakama iamue. Maskwota wangapi wa pwani wangeitamani sheria hiyo!

Lakini mfano unaonigusa zaidi uko katika Kilifi hii hii ya Kikambala. Mwaka 1913 serikali ya Waingereza iliwataka Wagiriama kodi na vijana wa kufanya kazi za mashamba. Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya maombolezo, na watu wakamfuata. Angeweza kupeleka malalamiko kwa ofisa wa wilaya. Alichagua ngoma ambayo Mgiriama akiisikia hawezi kukaa kitako, kwa sababu inatangaza msiba, na hapo ndipo naona ukubwa wa akili yake. Nchi nzima ilipewa habari kwamba imefiwa. Watu walikula viapo Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama. Mekatilili na mwenzake katika mapambano, Wanje wa Mwadorikola, walikamatwa na kupelekwa Kisii, mamia ya kilomita kutoka kwao. Mwaka 1914 wakatoroka na kushika njia ya kurudi. Agosti mwaka huo serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti.

Wenye mamlaka nao wana maneno yao kwa kilio cha aina hiyo: fujo, ghasia, vurugu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomtaja anayeitwa, na yote yanahesabu kelele peke yake. Mwaka 2023 waandamanaji wa Kenya walibeba sufuria tupu barabarani kulalamikia gharama ya maisha. Aliyepita karibu alisikia bati likigongwa, na mwenye njaa nyumbani aliisikia sufuria yake mwenyewe. Kwa sheria hawakuhitaji kuchagua kati ya sauti na karatasi: kifungu cha 37 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na, katika sentensi hiyo hiyo, ya kupeleka ombi lake kwa wenye mamlaka.